Kesi ya Muuza Mikate katika Nchi ya Inamia

Nimefundisha watu kuendesha gari kwa miaka ishirini na miwili, Korogwe na vitongoji vyake, na kila jambo ambalo dereva hapaswi kulifanya nimeliona likifanywa. Hata hivyo, niliporudi kutoka Inamia na kueleza niliyoyakuta huko, walimu wenzangu wa chuo cha udereva walisema natia chumvi. Basi nayaandika hapa kama yalivyotokea. Mwenye shaka na aende mwenyewe. Viza yao haina usumbufu, mradi mtu awe na picha mbili za utosi wake.

Nasema utosi, si uso. Ofisa wa mpakani aliitazama pasi yangu, akairudisha.

"Huyu ni nani?"

"Ni mimi. Mwanaidi Shekalaghe."

"Sioni utosi."

Nikapelekwa chumba cha wanawake, nikavua ushungi, nikapigwa picha kutoka juu. Ofisa akaridhika, akanikaribisha nchini kwa maneno mazuri sana. Muda wote huo hakuinua kichwa, nami sikumjua sura wala sitamjua.

Wainamia wote wako hivyo. Wanaamka na simu, wanapika na simu, wanatembea, wanaendesha baiskeli na magari wakiwa wameinamia simu, na kwa sababu hiyo wanatambuana kwa nywele. Vinyozi na wasusi ni watu wakubwa katika mji mkuu wao, Kisogoni. Jirani wa nyumba niliyopanga alinieleza kwamba ameoa mwaka wa kumi na tisa sasa, na kwamba mji mzima hakuna mwanamke mwenye njia ya nywele iliyonyooka kama ya mkewe. Nikamuuliza kama mkewe ana mwanya. Akafikiri kidogo, akasema atamwandikia amuulize.

Nchi ina sheria nyingi, ila zinazotawala barabara ni mbili. Ya kwanza ni Sheria ya Pumzi Kumi: ujumbe ukiingia kwenye simu, lazima ujibiwe kabla mpokeaji hajavuta pumzi ya kumi. Dereva hana msamaha, na mwendesha baiskeli hana msamaha. Ya pili ni Sheria ya Utulivu, inayokataza mtu yeyote kumsumbua mtumiaji wa simu kwa habari za barabara. Kwa sheria hiyo honi zimeng'olewa, taa za njiapanda zimezimwa, na mikrismasi iliyopandwa kando ya barabara kuu imekatwa, kwa sababu ilipochanua baadhi ya madereva walionekana wakitazama.

Niliuliza kama hawagongani. Niliambiwa neno hilo halitumiki. Wao husema "kukutana". Gazeti lao huandika: "Jana watu arobaini na mmoja walikutana, wanne hawatarudi." Magari ya watu wa kawaida yamefungwa magodoro kila upande na hutembea mwendo wa punda mgonjwa. Waendesha baiskeli hujifunga mito kifuani. Wakubwa wa serikali peke yao ndio hukimbiza magari bila godoro, maana wao wanaruhusiwa kuajiri mtazamaji. Huyu ni mgeni anayekaa kiti cha mbele na kutazama barabara kwa niaba ya mkubwa. Lazima awe mgeni, kwani madaktari wao wanasema shingo ya Mwinamia haipandi.

Nikapata kazi hiyo wiki ya kwanza. Nilipangiwa kwa Mheshimiwa Shaweji Mnimbo, Waziri wa Barabara, mwanamume wa miaka hamsini na kitu, mpole, mwenye kipara kinachofahamika nchi nzima. Alikuwa akiendesha mwenyewe, kwa sababu waziri wa barabara asiyeendesha angechekwa. Nilipoingia garini mara ya kwanza nikamsalimu, akaniandikia salamu kwenye simu niliyopewa.

"Mheshimiwa," nikasema, "nikiona hatari mbele nifanyeje? Nikuambie?"

"Uniandikie," akasema. "Ukisema kwa mdomo utanisumbua, na hilo ni kosa la jinai. Andika, nami nitasoma kwa zamu."

Basi nikawa naandika: kulia kidogo, kona, punguza, ng'ombe. Siku nyingi ilifaa, kwa sababu watu hawakumwandikia sana. Nilijiambia kwamba nimefundisha wanafunzi wagumu kuliko huyu.

Ukiwaacha watazamaji wenzangu wa kigeni, watu niliowaona wakitazama mbele katika mji ule walikuwa wawili, nikijihesabu mimi. Mwingine alikuwa Bi Mashavu, muuza mikate. Nilimkuta asubuhi moja kwenye Njiapanda ya Soko, mama mnene, khanga kichwani, yuko juu ya baiskeli yenye kreti la mikate nyuma. Kichwa chake kilikuwa kimeinama kama cha wengine, na kidole kilikuwa kinapapasa simu iliyofungwa kwenye usukani. Lakini chini ya ukingo wa khanga macho yake yalikuwa yanazunguka huku na huku. Yakakutana na yangu. Akashtuka kama mtu aliyefumaniwa. Kisha akaona kwamba na mimi natazama, akanikonyeza.

Tangu hapo, kila tulipopita njiapanda ile, alininyooshea kidole kimoja kutoka kwenye usukani, nami nikamjibu kwa kimoja.

Wiki ya tatu Mheshimiwa akanipeleka bungeni. Mjadala siku hiyo ulihusu vioo vya mbele vya magari. Chama cha Kioo Cheusi kilitaka vipakwe rangi vyote, kwa hoja kwamba dirisha linaloonyesha barabara ni kishawishi, hasa kwa vijana. Chama cha Tundu, ambacho Mheshimiwa Mnimbo ni mwanachama wake, kilikubali rangi ila kikaomba liachwe tundu dogo kwa heshima ya mila za mababu. Walibishana saa nne juu ya ukubwa wa tundu. Mmoja alitaka la ukubwa wa yai la kuku, mwingine akasema yai la kwale. Mbunge mmoja wa upande wa pili akasimama akitetemeka kwa hasira.

"Leo tundu," akasema, "kesho dirisha, keshokutwa tutaambiwa tuchungulie!"

Bunge likapiga meza. Ninasema alitetemeka kwa sababu niliona mabega yake. Alikuwa akihutubia magoti yake mwenyewe, kama walivyokuwa wakifanya wote.

Mheshimiwa akapata ushindi: yai la kwale. Tulipotoka alikuwa na furaha kubwa, na kabla hajawasha gari pongezi zikaanza kumiminika. Simu ilikuwa imesimamishwa katikati ya usukani na ilikuwa ikilia bila kupumzika. Akakanyaga mafuta, huku anajibu, "Asante sana", "Asante ndugu", "Ni ushindi wetu sote."

Tulipokaribia Njiapanda ya Soko nikamwona Bi Mashavu pembeni, kreti limejaa, mguu mmoja chini. Na yeye akaniona. Akanyoosha kidole chake kimoja, akapanda, akaanza kuvuka.

Nikaandika: simama.

Ujumbe wangu ukaingia nyuma ya pongezi kumi na tatu. Niliuona pale kwenye kioo cha simu yake, ukisubiri zamu. Mheshimiwa alikuwa anamjibu shemeji yake.

"Simama!" nikapiga kelele. "Mheshimiwa, breki! Breki!"

Akaruka kwenye kiti. "Mwalimu!" akasema kwa uchungu, "umenifanya nikosee herufi!"

Kisha tukamgonga. Hakikuwa kishindo kikubwa. Mikate ikapanda juu ya kioo, mmoja ukakwama kwenye waipa, na gari likasimama peke yake lilipofika kwenye ukuta wa soko. Nyuma yetu magari yenye magodoro yakaendelea kupita juu ya mikate, taratibu, hakuna aliyegeuka. Mheshimiwa akafuta herufi aliyokosea, akaiandika upya, akatuma. Mimi nilikuwa nimekwisha kushuka.

Bi Mashavu alikuwa amelala ubavu barabarani, mguu wa kushoto umepinda mahali ambapo mguu haupindi. Alikuwa na fahamu zake zote.

"Nilikuona," akaniambia. "Nikasema gari hili lina macho, hili haliniui. Nikavuka."

Nilimshika mkono. Katika miaka ishirini na miwili nimepanda magari na wanafunzi zaidi ya elfu mbili na hakuna aliyegonga hata kuku nikiwa kiti cha pili, maana gari langu la chuo lina breki upande wangu. Lile halikuwa nayo, nami nilikuwa nimekubali kukaa hivyo hivyo, na kulipwa kwa hilo.

Hospitalini daktari alimpokea vizuri, akamfunga plasta mguu mzima, kuanzia pajani hadi kwenye vidole.

"Daktari," Bi Mashavu akasema, "kazi nzuri sana. Sasa nifunge na ule uliovunjika."

Daktari akaomba radhi kwa maandishi. Tulipobaki wawili nikaona anacheka, tumbo linatikisika, machozi yanamtoka, sijui ya kicheko au ya maumivu. Nikamuuliza mbona yeye shingo yake inapanda.

"Utaendeshaje baiskeli yenye mikate mia na ishirini bila kutazama?" akasema. "Ukianguka mara moja huna biashara. Nilijaribu kuinama kama wenzangu, nikaangusha kreti mara tatu. Nikaamua." Akanionyesha ile simu yake iliyokuwa kwenye usukani. Nikaipokea. Ilikuwa nyepesi, na ilinukia. Ndani ya kava kulikuwa na kipande cha sabuni ya kufulia, kimechongwa kona zikawa za mviringo. "Mwaka wa saba huu," akasema. "Hakuna aliyewahi kugundua. Nani atatazama simu ya mwenzake na yeye ana yake?"

Siku iliyofuata tulishtakiwa sote wawili. Yeye kwa kutokea barabarani bila kutoa taarifa, mimi kwa kumsumbua mtumiaji wa simu. Hakimu alikuwa Bi Kigwema, mwanamke mwenye mabutu manne yaliyosukwa kwa ustadi. Ukumbi ulijaa tosi. Mheshimiwa Mnimbo alikaa upande wa mashahidi.

Mwendesha mashtaka akamuuliza Bi Mashavu, "Kabla ya kuvuka, ulimwandikia Mheshimiwa kwamba unavuka?"

"Sikumwandikia. Nilikuwa mbele yake."

"Mbele yake wapi?"

"Mbele ya gari. Mchana. Mwili wote huu."

Ukumbi ukanong'ona. Mwendesha mashtaka akaomba simu ya mshtakiwa iwe kielelezo cha kwanza. Karani akaichukua, akaipapasa kwa kidole muda mrefu, akatangaza kwamba mtandao uko chini. Ikawekwa kando.

Ikafika zamu yangu.

"Mshtakiwa wa pili anadai mwenzake alionekana," akasema hakimu. "Alionekana na nani?"

"Na mimi, mheshimiwa hakimu."

"Una picha?"

"Sina. Nilimwona."

"Kwa kitu gani?"

"Kwa macho."

Walicheka hadi karani akapaliwa. Hakimu akawatuliza, akanieleza kwa upole, kama mtu anavyomweleza mgeni, kwamba macho hayana tarehe wala saa, hayawezi kutumwa wala kuhifadhiwa, na mahakama haiwezi kumfunga au kumwachia mtu kwa kutegemea kitu ambacho mwenyewe akifumba kinazimika.

Ikabaki utambuzi. Kwa utaratibu wao, aliyegonga lazima amtambue aliyegongwa, ili hukumu isimwangukie mtu mwingine. Mshtakiwa huinama mbele ya shahidi, shahidi huuona utosi, hutaja jina, basi. Bi Mashavu akaletwa kwa magongo mpaka mbele ya Mheshimiwa, plasta miguu yote miwili, maana hospitali haikuwa imepata nafasi ya kuifungua ile ya kwanza.

"Inama," akasema karani.

"Siinami."

"Mama, ni utaratibu tu. Vua khanga uiname."

"Nimeinama miaka saba kwa uongo," akasema Bi Mashavu. "Leo miguu haikunjiki na shingo haitaki. Anitambue hivi hivi nilivyo."

Mheshimiwa Mnimbo akasubiri utosi uje chini ya macho yake, haukuja. Alichokiona hapo chini, juu ya ukingo wa simu yake, ni vidole kumi vya miguu vilivyochomoza kwenye plasta, vimevimba. Akavitazama. Kisha akapandisha macho kwenye plasta, taratibu, na plasta ilikuwa ndefu, kwa hiyo macho yakapanda muda mrefu, na kichwa kikalazimika kufuata. Shingo yake ikalia. Naapa ililia, kama mlango wa ghala. Akafika kwenye magongo, akafika kwenye mikono, akafika usoni.

Bi Mashavu alikuwa anamtazama.

"Nani amekufanya hivi, mama?" akauliza Mheshimiwa. Alikuwa na huruma ya kweli.

"Wewe, Mheshimiwa."

Nilidhani atakataa. Sheria ilikuwa upande wake, serikali ilikuwa yake. Akageuza kichwa kwa shida, akaniona na mimi kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu, na nadhani alisoma usoni mwangu kwamba ni kweli.

"Hakimu," akasema, "ni mimi. Mimi ndiye niliyemgonga. Hakukosa kitu."

"Shahidi atume kwa maandishi," akasema hakimu.

"Nasema kwa mdomo. Ni mimi."

"Mahakama haijapokea kitu," akasema Bi Kigwema, na hakuwa na hila, kwa sababu kweli simu yake ilikuwa kimya. Akaanza kuandika hukumu. Baiskeli itaifishwe. Mshtakiwa wa kwanza asionekane barabarani kwa miaka mitatu. Wa pili afungwe kola ya mbao shingoni mpaka shingo ikubali. Akatuma.

Hukumu ya Inamia hutekelezwa na askari anayeipokea. Askari wetu alikuwa ameketi mlangoni, hukumu yetu iko mkononi mwake, anaisoma kwa makini sana. Mheshimiwa akaiweka simu yake juu ya meza ya karani, akamshika Bi Mashavu kwapani upande mmoja, mimi upande wa pili, tukampita askari kwa umbali wa kiwiko. Baiskeli ilikuwa imeegemezwa ukutani nje. Tukamkalisha juu ya kreti, miguu imenyooka mbele kama mikono ya toroli, Mheshimiwa akaanza kuisukuma.

Tulitembea mji mzima. Alikuwa anasukuma na kutazama, anasukuma na kutazama, shingo imekakamaa. Tulifika kwenye shimo ambalo lingemeza mbuzi. Akasimama.

"Hili nalo ni langu?"

"Lako, Mheshimiwa," akasema Bi Mashavu.

"Na lile?"

"Na lile pia ni lako. Endelea, yako mengi. Mimi nakuonyesha njia."

Jioni ile Mheshimiwa Mnimbo alifukuzwa uwaziri. Barua ya kumfukuza ilitumwa kwenye simu yake, ambayo ilikuwa bado mezani kwa karani. Kwa hiyo asubuhi aliamka, akaenda wizarani kama kawaida, akaketi kwenye kiti chake. Wasaidizi wake waliijua habari, lakini hakuna aliyemwona. Kwa siku nne nchi ilikuwa na Waziri wa Barabara aliyefukuzwa, anayetoa amri, na zikitekelezwa. Alifukia mashimo. Aliweka matuta Njiapanda ya Soko, pande zote nne, marefu kama makaburi. Siku ya tano waziri mpya alifika na kumkalia mapajani, ndipo mambo yakajulikana. Hakukamatwa. Askari aliyepewa kazi hiyo alitafuta kipara, na Mnimbo alikuwa amevaa kofia.

Siku ya kuondoka kwangu nilikwenda kuwaaga njiapandani. Bi Mashavu alikuwa amekaa kwenye kiti kando ya kreti lake, mguu mmoja umefunguliwa, anauza mikate bila khanga kichwani na bila kujificha. Daktari alikuwa amemwambia huu mwingine utapona ila utabaki umepinda kidogo, na yeye alikuwa amekwisha kujaribu pedali kwa ule mzima. Mnimbo alikuwa amesimama katikati ya barabara na bendeji shingoni, anawavusha watu. Hakuna aliyempa kazi hiyo.

Gari moja likaja juu ya tuta, likanyanyuka, likatua, dereva akagonga paji la uso kwenye simu yake. Akasimama, akainua kichwa, akaanza kutukana. La nyuma likasimama kwa sababu la mbele limesimama. Kando yao, upande wa pili, likapanda jingine na kutua vilevile. Ndani yake alikuwemo mwanamke, simu imemponyoka hadi chini ya kiti, na yeye akainua kichwa. Yule dereva wa kwanza, na sasa nilimtambua kuwa ni jirani wa nyumba niliyopanga, akaacha kutukana. Kidole chake kilikuwa bado juu ya maneno aliyokuwa anamwandikia mkewe: uko wapi?

Alimtazama yule mwanamke kupitia vioo viwili, kwa muda. Akashusha kioo. Mwanamke naye akashusha.

"Niko hapa," akasema mkewe, na akacheka, na kwa kweli alikuwa na mwanya.